UPS ya 650 VA kwenye meza ya mhariri wa sauti

Boksi la UPS hii, yaani chombo chenye betri kinachoendelea kutoa umeme pale wa ukutani unapokatika, linajisifu kwa herufi kubwa kwamba ni kinga kamili. Kinga kamili haipo, tusidanganyane. Hata hivyo UPS hii ningeinunua tena kesho, kwa sababu ambayo boksi halikuitaja kabisa: betri ikianza kuchoka, inasema.

Ninahariri sauti, yaani mahojiano, vipindi na masimulizi marefu. Umeme ukikatika wakati programu inaandika faili kwenye diski, faili zima linaweza kugoma kufunguka. Nilichokuwa nakitafuta ni dakika za kuhifadhi kazi na kuzima kompyuta kwa ustaarabu, basi. Anayetaka kuchapa kazi saa tatu gizani atafute inveta na betri kubwa.

Kwenye tarakimu ndipo wengi huuziwa mbuzi kwenye gunia. Mbele imeandikwa 650 VA, yaani volti mara ampea, lakini maandishi madogo ya nyuma yanasema wati 360, na hizo wati ndizo za kupigia hesabu. Kompyuta yangu, skrini moja na ruta havifiki nusu ya hapo, na napata kama dakika kumi. Ukiongeza mzigo mara mbili usitegemee dakika tano. Betri za aina hii zikikamuliwa kwa nguvu hutoa kidogo kuliko zinachobeba.

Umeme wa ukutani ukipotea, kuna milisekunde chache ambazo chombo hiki kinahama kwenda kwenye betri, na kwa muda huo hakitoi chochote. Kompyuta haizimi kwa kuwa pawa saplai yake, kile kisanduku cha ndani kinachoigawia umeme, ina kapasita, yaani vipuri vinavyotunza umeme kidogo, zinazoweza kuibeba kwa milisekunde kumi na kadhaa. Pawa saplai ikiwa ya bei rahisi au kapasita zake zimezeeka, kompyuta itazima hata kama UPS ni mpya kabisa, na lawama zote zitaiangukia UPS. Kabla ya kuirudisha dukani, ijaribu kwanza na kompyuta nyingine.

Betri ni ya madini ya risasi na asidi, iliyozibwa, ya volti 12. Kwa kawaida betri za namna hii huishi miaka 3 hadi 5, na chumba chenye joto huzifupishia maisha. UPS niliyokuwa nayo kabla ya hii, ya kampuni ambayo sitaitaja, iliwasha taa ya kijani siku zote, ikaiwasha hata asubuhi ya siku umeme ulipokatika, kisha ikazima papo hapo pamoja na kompyuta. Ndani betri ilishavimba. Hilo ndilo lililonifanya nisitazame kingine chochote kabla ya kuuliza: hii inajipima? Inajipima. Kila ikiwashwa inajaribu betri yenyewe, na ukishikilia kitufe cha mbele inarudia jaribio. Betri ya kwanza ilipochoka, taa nyekundu iliwaka na mlio ukaanza wakati umeme upo, nami nikapata nafasi ya kutafuta nyingine bila haraka. Kifuniko cha chini kinafunguka kwa mkono, na betri ni ya saizi ya kawaida, hulazimiki kurudi kwa aliyeitengeneza.

Hata hivyo sikiachii kitufe kazi yote. Mara kwa mara, nikiwa sina kazi muhimu iliyofunguliwa, nazima swichi ya soketi ya ukutani na kuangalia dakika zinavyokwenda. Plagi siichomoi, ili waya wa ethi, ule wa usalama unaokwenda ardhini, ubaki umeunganishwa.

Ndani ya boksi kuna waya wa USB ambao wengi huuacha humo humo kwenye nailoni. Uchomeke. Pamoja na programu yake, betri ikibaki kidogo kompyuta inajizima yenyewe, hata ukiwa umelala. Kwangu mimi nusu ya thamani ya kifaa hiki iko kwenye huo waya.

Sasa malalamiko. Mlio wake ni mwembamba na mkali, unapenya hata hedifoni zilizoziba masikio. Tahadhari ya umeme kukatika nimeinyamazisha kwenye programu. Ya betri mbovu nimeiacha ipige kelele inavyotaka. Tena, ikiwa kwenye betri haitoi wimbi laini la umeme kama la ukutani, wimbi lake linapanda na kushuka kwa ngazi, na spika zangu huanza kuvuma. Kwa hiyo wakati huo sirekodi. Asiyeshughulika na sauti pengine hatagundua lolote.

Kinachoniudhi zaidi ni soketi za nyuma. Baadhi zinapata umeme wa betri, nyingine zinakinga tu dhidi ya umeme kupanda ghafla, na maandishi ya kuzitofautisha ni ya kijivu juu ya plastiki nyeusi. Nani aliidhinisha rangi hizo? Nimebandika stika nyeupe kwenye zile za betri. Printa ya leza isiguse hizo kabisa, kwani inapopasha joto huvuta umeme mwingi kwa mkupuo na inaweza kuizidi nguvu UPS nzima. Na kijitabu chenyewe kinakataza kuitumia kwa mashine zinazotegemewa na uhai wa mgonjwa. Kama ndicho unachokitafutia, hii siyo, muulize fundi wa vifaa vya hospitali.

Naipa nyota nne. Ya tano wataipata wakibadilisha rangi ya yale maandishi.