Carter au Legends: ipi ilituacha pabaya zaidi?

Hapa Mikindani, jioni kwenye kahawa, wapenzi wa sizoni za mashujaa tumegawanyika kambi mbili.

Agent Carter, ile ya jasusi Peggy Carter, ilifutwa 2016 baada ya misimu miwili tu, vipindi 18. Mwishoni kabisa Jack Thompson, bosi wa Carter, anagongewa mlango hotelini, anafungua, risasi ya kifua, na jalada la siri linalomhusu Carter linabebwa. Kapigwa na nani? Kafa au kapona? Basi, hadithi imekatikia hapo.

Legends of Tomorrow yenyewe, ile ya kundi la mashujaa wanaosafiri kwenye wakati, ilidumu misimu saba, ikafutwa 2022 huku mastelingi wote wamekamatwa na polisi wa safari za wakati, na Sara, kapteni wao, ni mjamzito.

Mimi niko upande wa Carter. Wa Legends wamekula sahani saba, wamenyimwa chai tu. Tena kutoroka ndiyo kazi ya mastelingi wao. Ukitaka, watoroshe mwenyewe kichwani. Thompson utamfanyaje, na aliyempiga hata sura hatukuonyeshwa?

Muuza pweza hakubali. "Kaka, mjamzito yuko lupango, wewe unahesabu misimu?"

Hapo alinibana. Nikaagiza kahawa nyingine.