Shaaban Robert katika nusu ukurasa: tathmini ya huduma ya steshenari moja mjini Mtwara

Karibu na soko kuu la Mtwara kuna steshenari ndogo ambayo, mbali na kutoa kopi za vyeti na kupiga chapa barua za kuomba kazi, huandika kwa oda vipande vifupi vya nathari kwa mtindo wa Shaaban Robert. Kipande hakizidi nusu ukurasa, huchapwa kwenye karatasi nzito, na mteja hukisoma au kukikabidhi harusini, kwenye mahafali au katika hafla ya kumuaga mstaafu. Bei ni shilingi 15,000 bila fremu. Familia yetu iliagiza viwili, kimoja cha kumuaga jirani anayestaafu ualimu na kingine cha harusi ya binti wa dada yangu, navyo vimetofautiana kiasi kwamba mtu angedhani vimeandikwa na watu wawili.

Sifa ya kwanza ya huduma hii ni mahojiano. Mwandishi ni kijana mpole, naye hashiki oda mpaka amhoji mteja. “Shikamoo, mama. Huyu mwalimu alifanya jambo gani ambalo watu hawajalisahau?” Nilipoanza kutaja upole na uchapakazi, aliweka kalamu mezani akangoja. Nilipomweleza kwamba msimu wa korosho, watoto walipokuwa wakitoroka shule kwenda kuokota korosho, mwalimu huyo aliwafuata mashambani na ubao mdogo kwapani, ndipo alipoanza kuandika. Sehemu ya alichokileta ni hii:

“Shule ilipokosa watoto hakuilaumu mikorosho kwa kuzaa wala wazazi kwa kuhitaji. Alijua kuwa njaa ina haki yake na elimu ina haki yake, na kwamba mwenye miguu mizima anaweza kuzipatanisha haki hizo mbili kwa kutembea.”

Hakuna neno hata moja hapo linalohitaji kamusi, na bado msomaji wa Shaaban Robert ataisikia sauti yake mara moja, kwa sababu kilichoigwa ni namna ya kufikiri. Upande mmoja wa jambo unatajwa, upande wa pili unapewa heshima ileile, kisha hukumu inafuata bila mtu yeyote kutukanwa. Kusadikika, kitabu kilichotoka mwaka 1951, kimejengwa juu ya subira ya aina hiyo: Karama, anayeshitakiwa na Waziri Majivuno, hajitetei kwa matusi, bali anasimulia safari za wajumbe waliotumwa na nchi yake mpaka baraza lenyewe linajikuta linapimwa kwa matendo yake. Kuingiza mwenendo huo katika nusu ukurasa si kazi rahisi, na mwandishi wetu ameuweza kwa kushika ushahidi mmoja tu na kuutegemea mpaka mwisho. Tena ufupi si jambo geni kwa Shaaban Robert, ingawa wengi tunamkumbuka kwa riwaya na tenzi; aliandika pia insha fupi, na Kielezo cha Insha ni mahali pazuri pa kuzionea.

Kipande cha harusi, kwa bahati mbaya, kimevaa mavazi ya Shaaban Robert bila mwili wake. Sentensi ya kwanza ina adhama, taadhima, johari, tunu na aushi, na ni ndefu hata mshereheshaji alilazimika kuvuta pumzi katikati, wageni wakadhani amemaliza, wakapiga makofi. Ni kweli kwamba Shaaban Robert huwapa wahusika wake majina ya tabia zao, lakini majina hayo hayachukuliwi ovyo. Bibi harusi ameitwa Utubora, ilhali Utubora wa Shaaban Robert ni mwanamume mkulima. Bwana harusi naye ameitwa Adili, jina zuri kabisa, isipokuwa kaka zake wawili walikuwa wamekaa meza ya mbele, na kila aliyesoma Adili na Nduguze anakumbuka kwamba ndugu za Adili, Hasidi na Mwivu, waligeuzwa manyani. Mjomba mmoja aliyewahi kufundisha Kiswahili alicheka mpaka akatoka nje.

Chanzo cha tofauti hiyo kinajulikana. Kamati ya harusi iliagiza kwa simu na kutuma orodha ya sifa tu: mcha Mungu, mrembo, msomi. Mwandishi alipaswa kuikataa oda hiyo au kupiga simu kuuliza, kama alivyonibana mimi ana kwa ana; badala yake alijaza pengo kwa msamiati.

Uwezo wake kamili unaonekana katika kipande kilichobandikwa ukutani kama sampuli, kinachohusu kangomba, ile biashara ya kununua korosho za mkulima mwenye shida kwa bei ya kutupa kabla ya mnada. Anayeshitakiwa ni bakuli la kupimia, nalo linajitetea mbele ya wazee kwamba halijawahi kujijaza lenyewe wala kujimwaga lenyewe. Nimekisoma kila nilipopita pale, na ningekinunua kama kingeuzwa.

Uchapaji ni safi na herufi zinasomeka hata kwa wazee. Fremu hazina ubora wa karatasi. Afadhali kumpelekea fundi wa mbao.

Ningemshauri anayetaka huduma hii aende mwenyewe, akiwa na kisa kimoja cha kweli kuhusu mtu anayeandikiwa, na aseme mapema kama kipande kitasomwa kwa sauti, ili sentensi zikatwe panapostahili. Ni vizuri kuagiza kabla ya Oktoba, kwa kuwa minada ya korosho ikianza foleni ya kopi hufika barazani na mwandishi hukosa nafasi ya kuuliza maswali yake.