Kliniki ya lishe Igoma: wanauliza kwanza, dawa baadaye

Mama yangu hakosi samaki. Dagaa wa soko la Mwaloni hapa Mwanza hawaishi jikoni kwetu, na ndugu wakija kutoka Magu hawaji mikono mitupu, wanakuja na sato. Sasa mtu wa hivyo anawezaje kupungukiwa vitamini B12, ambayo imejaa kwenye samaki? Kliniki hii ndogo ilitupa jibu. Naandika kwa ajili ya yeyote mwenye mzazi anayetumia dawa za sukari.

Mama alikuwa na ganzi na kuchomachoma kwenye nyayo. Ulimi ulikuwa mwekundu, laini, hata chai ya vuguvugu inamuuma. Gizani anayumba, na majina ya wajukuu yakaanza kumpotea. Kwa kuwa ana kisukari cha miaka mingi, kila mtu alisema ni sukari hiyo. Duka moja la dawa lilimuuzia chupa ya multivitamini bila swali hata moja. Zahanati moja ikampa vidonge vya foliki vya kuongeza damu.

Pale Igoma alimpokea dada mmoja mtaalamu wa lishe. Akamsalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka mayu," yaani habari za asubuhi mama, na mama akatabasamu hapo hapo. Akamwambia atoe ulimi. Akatazama pembe za mdomo kama zina michaniko, akashusha kope la chini kuona wekundu wa damu, akashika kucha moja moja kuona kama zimebonyea katikati, maana hiyo huwa ni dalili ya kukosa madini ya chuma. Akauliza: mayu, unatamani kula udongo? Jua likizama unaona vizuri? Lile la udongo ni kwa ajili ya chuma, lile la kuona ni kwa ajili ya vitamini A. Akakagua na ngozi ya shingo na mikono, sehemu zinazopigwa na jua, kwa sababu anayeishi kwa ugali wa mahindi karibu mtupu anaweza kukosa niasini, yaani vitamini B3, na ngozi ikababuka hapo.

Halafu akauliza choo. Mama aliinamisha uso, ila dada yule alieleza kwa heshima hadi aibu ikaisha. Choo kilichofifia rangi, chenye mafuta, kinachoelea na kunuka kupita kawaida kinaonyesha utumbo haunyonyi mafuta. Mafuta yakipita bure, vitamini A, D, E na K zinapita nayo, na anayekosa K huvilia damu chini ya ngozi hata akigongwa kidogo. Sisi wa kando ya ziwa tunaokunywa maji bila kuchemsha tunaweza kupata giadia, kijidudu ambacho kinaharibu unyonyaji huo. Kwa mama hakikuwepo kitu cha namna hiyo.

Mwisho akaomba mfuko wa dawa. Ndani mlikuwa na metfomini ya sukari na omeprazo ya vidonda vya tumbo, zote za siku nyingi. B12 hutolewa kwenye chakula kwa msaada wa asidi ya tumbo, ikabebwa na protini inayotengenezwa na tumbo lenyewe, ikanyonywa mwishoni kabisa mwa utumbo mwembamba. Omeprazo inapunguza asidi. Metfomini inavuruga kule mwishoni. Ini lina akiba ya miaka kadhaa, ndiyo maana shida inachelewa kujitokeza. Na foliki peke yake, alisema, inaweza kurekebisha damu huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika. Hilo lilinitisha kuliko yote.

Picha ya damu ilionyesha chembe nyekundu kubwa kuliko kawaida, na kipimo cha B12 kikathibitisha. Mama akaanzishiwa sindano. Metfomini hawakumwachisha, wakaandika barua kwa daktari wake wa sukari. Hapo ndipo nilipowaamini kabisa.

Kasoro zipo. Kipimo cha B12 hawana, damu inapelekwa mjini, na gharama yake ilizidi vingine vyote. Benchi la kusubiria liko juani. Na ile karatasi ya vyakula wanayogawa ina brokoli na maziwa ya lozi! Waandike mgagani, viazi lishe na dagaa, na waseme chai isinywewe pamoja na chakula kwa mwenye upungufu wa chuma. Dada yule anayajua haya yote, aliyasema kwa mdomo.

Mtoto aliyevimba miguu au aliyekonda sana usimpeleke hapa, huyo ni wa hospitali moja kwa moja.

Ulimi wa mama umepona, anakula pilipili tena. Ganzi imepungua ila ipo, na tuliambiwa mapema kwamba mishipa ya fahamu hupona polepole na mingine hairudi yote. Ukienda, beba kila dawa anayomeza mzee wako, na za kienyeji pia, maana wataziuliza.