Fainali ya CHAN pale Kasarani: nyota ngapi? Maoni ya shabiki wa Taifa Stars aliyepanda shato kutoka Arusha

Naanza na jibu kwa wavivu wa kusoma. Kwenda kuangalia fainali ambayo timu yako haipo inalipa, tena inalipa kuliko mechi nyingi nilizoenda nikiwa na jezi na presha juu. Uwanja naupa nyota nne kati ya tano, mpira wenyewe tano kamili, tiketi tatu na nusu, usafiri wa kwenda nne, usafiri wa kutoka uwanjani usiku moja, na hiyo moja ni kwa vile tulifika wazima. Wanaotaka maelezo karibuni, ni marefu kidogo.

Hii ni ile CHAN ya 2024, kombe la Afrika la wachezaji wanaocheza ligi za nchi zao tu, iliyokuja kuchezwa Agosti 2025 Kenya, Tanzania na Uganda, fainali Jumamosi ya tarehe 30 uwanja wa Kasarani, Nairobi. Plani ya kwenda tuliipanga wakati Stars wanaongoza kundi na pointi 10 na kila kijiwe Arusha kinasema mwaka huu ni wetu. Ikaja Ijumaa ya tarehe 22. Jioni Kenya wakatolewa na Madagaska kwa matuta, yaani penati za kuamua mshindi, usiku huohuo uwanja wa Mkapa, Dar, Morocco wakatupiga moja bila, kesho yake Uganda nao wakala moja bila kutoka kwa Senegal pale Namboole. Wenyeji wote watatu nje robo fainali, ndani ya siku mbili! Wenzangu wakaanza kujitoa mmoja mmoja, kuna aliyesema hawezi kutoa hela yake kwenda kuangalia harusi ya ex wake. Mimi nikasema naenda, hela ya nauli nilishaitenga na mke nilishamuaga.

Shato sitaitaja jina, ni zile basi ndogo za asubuhi zinazotoka Arusha mjini hadi Nairobi kupitia Namanga. Dereva mtu mzima, hakukimbia, mikanda inafunga kweli (wanaosafiri wanajua hiyo ni habari), mizigo ikafungwa juu vizuri na turubai. Namanga mambo yamekuwa mepesi siku hizi, unashuka upande mmoja tu unagongewa mhuri wa kutoka na wa kuingia dirisha kwa dirisha, ila beba pasi yako, mwenye hati ya dharura atakaa foleni na maswali na gari zima litamsubiri na kumnunia. Nyota niliyowakata ni kwa kusimama mbele ya Kajiado kwenye kihoteli fulani ambapo chai na chapati mbili bei yake ilikuwa ya mtu aliyeshuka kwenye ndege, halafu dereva anakula bure. Tumeshazoea.

Sasa burudani yenyewe ya njiani ilikuwa ubishi. Siti ya mbele kulikuwa na mzee mmoja na jezi ya Stars ya zamani iliyofifia, nyuma vijana wawili Wakenya wanarudi kwao, katikati mama anayefata nguo za kuuza Eastleigh, Nairobi, anayetaka kulala. Mzee akaanza, kocha alichelewa kufanya sub, tulipofungwa ile dakika ya 65 ilitakiwa aingize straika wa pili palepale. Kijana mmoja wa Kenya akamrukia, "Lakini mzee, si kocha wenu mwenyewe anaitwa Morocco, mlitarajia nini?" Gari zima likacheka maana ni kweli, Hemed Suleiman jina lake la utani ndo hilohilo. Mzee hakucheka. "Sikiliza kijana wangu, sisi tulifungwa na timu. Nyie mmetolewa na watu ambao sisi tuliwapiga mbili moja hapahapa, straika wetu Mzize zote mbili."

Na hapo ndo utamu wa jambo lenyewe, kama hukufatilia tulia uelewe. Kwenye makundi Tanzania tulimfunga Madagaska 2-1. Kenya wakamfunga Morocco 1-0, tena wakiwa kumi uwanjani kipindi chote cha pili. Halafu robo fainali kila mtu akapewa kibonde cha mwenzake, na vibonde wote wawili wakapita mpaka fainali. Yule kijana akasema "zii, ingekuwa tumeswap tu, sisi tupige Morocco tena nanyi mpige Madagaska, leo fainali ni Kenya na Tanzania." Mzee akakaa kimya kidogo akasema hapo umeongea. Ndo sehemu pekee walikubaliana hadi Athi River.

Mimi kwa upande wangu sikubaliani na wote wawili. Kenya angalia matokeo yao, Kongo 1-0, Angola 1-1, Morocco 1-0, Zambia 1-0, Madagaska 1-1. Mechi tano, kila mechi goli moja, hakuna hata siku moja walipata la pili. Ukicheza hivyo siku mwenzio akipata penati ya kawaida tu na kusawazisha huna pa kukimbilia, unaishia kwenye matuta, na matuta hayana mwenyewe. Wakafa 4-3. Watu wa Kenya wanamlaumu mpigaji penati fulani, mimi naona walitolewa na lile goli la pili ambalo hawakulitafuta tangu mechi ya kwanza. Sisi ugonjwa wetu ni tofauti, tulikuwa na ukuta mzuri, makundi yote tumeruhusu goli moja tu, ila tukishafungwa sisi kwanza hatujui tufanye nini. Makundi yote hakuna timu iliyotutangulia kwa goli, Morocco ndo wa kwanza, na ilionekana wazi kwamba hilo somo hatukulisoma. Ila tusitukane vijana, ndo mara ya kwanza Stars kufika robo ya CHAN, na Kenya ndo mara yao ya kwanza kushiriki kabisa.

Tiketi. Zote ni za mtandaoni, usije ukaenda getini na hela mkononi ukadhani kuna dirisha. Jamaa yangu anayekaa Roysambu, mtaa wa Nairobi karibu na uwanja, ndo alinunua ya kwangu kwa M-Pesa ya kule maana laini yangu ya huku ilikuwa inagoma, ukurasa wenyewe unazunguka unazunguka mpaka unakata tamaa, ukifunga ndo unakuta kumbe hela ilishatoka. Tiketi ikaja baadaye kwenye simu. Ndo nyota moja na nusu niliyoikata hiyo. Ushauri: ipige picha skrini, na simu iwe na chaji, nilimuona dada mmoja getini simu imezima na tiketi nne za familia nzima ziko humohumo, akawa anaomba chaja kwa kila mtu kama anaomba damu. Ulinzi ulikuwa mkali na sababu ipo, mechi za mwanzo watu wasio na tiketi walivunja mageti wakaingia, CAF, shirikisho la soka la Afrika, wakakasirika mpaka mechi ya Kenya na Zambia wakaruhusu watazamaji 27,000 tu. Kwa hiyo siku ya fainali unakaguliwa hatua kadhaa, chupa ya maji inabaki nje, mkanda wa suruali unatoa. Nenda mapema. Sisi tulitembea kwa mguu kutoka TRM, ile mall ya Roysambu, na tukaingia bila kusukumwa.

Uwanja mzuri, umekarabatiwa, viti safi, nyasi zinang'aa kwenye taa. Tatizo la Kasarani ni la kuzaliwa nalo, ulijengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987 na una njia ya kukimbilia kuzunguka uwanja wote, ndo maana mashindano ya dunia ya riadha ya vijana yamefanyika pale. Mkimbiaji unamuona vizuri, ila mpira uko mbali. Ukikaa chini nyuma ya goli, goli la upande wa pili utaambiwa na wenzako. Sisi tulikuwa upande wa pembeni, juu, na nawaambia juu ndo pa kukaa, unaona timu inavyojipanga, unaona beki ya Morocco inavyopanda yote kwa pamoja kama kuna mtu anawavuta. Chakula kilikuwa cha kawaida, mimi nilishakula nje smoki, ile soseji wanayoipasua katikati wakajaza kachumbari na pilipili, ya mama mmoja kando ya barabara. Bei ya kibinadamu. Niliongeza ya pili, jamaa akasema "buda utajaza choo za watu."

Sasa wewe uko pale na timu yako haipo unashangilia nani? Jamaa ana sheria yake, aliyenitoa awe bingwa ili niseme nilitolewa na bingwa. Kwa hiyo yeye Madagaska, na Wakenya wengi waliotuzunguka hivyohivyo. Kwa sheria hiyo mimi nilitakiwa niwe Morocco. Haiwezekani. Nina ugomvi na mtu mmoja pale, Oussama Lamlioui. Huyu ndo alitufunga kwa Mkapa, na sisi watu wa Simba tunamjua kabla ya hapo, Mei mwaka huohuo akiwa na klabu yake RS Berkane ya Morocco alitutia goli la pili kule kwao kwenye fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika tukafa 2-0, tukarudi Amaan, Zanzibar, tukatoka 1-1 kombe likaondoka. Tunaimba kwa Mkapa hatoki mtu, yeye alitoka, na tabasamu. Nikawa Madagaska.

Dakika ya 9 tu Manohantsoa akapiga shuti la mbali, nyavu. Jamaa kaniruka mgongoni. Madagaska walicheza bila woga kabisa, pasi fupifupi, halafu ghafla wanatoa mpira pembeni. Morocco hawakupanick, ndo tofauti yao na sisi, wakaendelea na mambo yao kama hakuna kilichotokea, dakika ya 27 krosi ikaja Mehri kichwa, moja moja. Kabla ya mapumziko Lamlioui. Nani mwingine. Mkenya mmoja nyuma yangu hanijui ananiuliza "huyo si ndiye aliwachapa?" nikajifanya sijasikia.

Kipindi cha pili Toky Rakotondraibe akasawazisha, yuleyule aliyewapeleka fainali kwa goli la muda wa nyongeza dhidi ya Sudan, na hapo uwanja ulilipuka, watu wasiojua hata bendera ya Madagaska ikoje wanakumbatiana. Dakika ya 80 ikatokea ile. Mpira umeokolewa vibaya unadunda katikati ya uwanja, Lamlioui yuko mbali sana, kama mita 40 hivi, akainua kichwa mara moja tu akaona kipa ametoka golini. Akapiga. Ule mpira ulikaa hewani muda mrefu kiasi kwamba kwenye jukwaa letu watu walishasimama na kushika vichwa kabla haujashuka, kipa anarudi kinyumenyume, anarudi, umempita juu. Na mimi niliyemchukia miezi minne nikajikuta napiga makofi. Jamaa akaniangalia, "wewe uko upande gani?" Nikamwambia bro goli ni goli.

Ikaisha 3-2. Morocco kombe la tatu la CHAN baada ya 2018 na 2020, Lamlioui mfungaji bora na magoli sita, kapteni wao Hrimat mchezaji bora wa mashindano. Madagaska wanaenda kupokea medali uwanja mzima umesimama unawashangilia kuliko mabingwa. Magoli matano na ubishi wa bure, hela yangu ilirudi yote.

Kutoka ndo balaa. Watu wote wanatoka kwa wakati mmoja kwenda Thika Road, matatu zimepandisha nauli kabla hata refa hajamaliza kupiga filimbi, makonda wanaitana bei kama mnada, ukiuliza mbona asubuhi ilikuwa nusu unajibiwa "asubuhi ilikuwa asubuhi." Boda nao hivyohivyo. Sisi tulirudi kwa mguu hadi Roysambu kwenye umati, giza, mtu unashika simu yako ndani ya mfuko na mkono. Mwenye watoto au mzazi apange usafiri wake kabla, au akae ndani nusu saa watu wapungue.

AFCON ya 2027, Kombe la Mataifa ya Afrika, inakuja kwetu tena nchi hizihizi tatu, na kama kuna kitu cha kurekebisha ni hicho cha magari usiku, tiketi nazo ziwe na njia ya kulipia kwa laini za Tanzania na Uganda bila kumsumbua mtu. Arusha nasi tuna uwanja wetu wa watu 30,000 kwa ajili hiyo, kwa hiyo zamu ya kulala kwenye godoro la mwenzako itageuka. Jamaa wa Roysambu nilishamwambia aje. Amekubali ila ameuliza kama smoki zipo, nimemwambia ipo mishkaki na ndizi, na kwamba siku Stars wakicheza na Harambee Stars ya Kenya atalala kwa jirani.