Mkono wa mpira wa kujifunzia kuweka kanula (kijimrija cha plastiki cha kupitishia maji au dawa mshipani): je, unafaa wodi ya afya ya akili?

Wodi ya akili inaweza kukaa wiki nyingi bila dripu, kisha akaja mgonjwa ambaye lithiamu, dawa ya kutuliza hisia, imemzidi mwilini na anahitaji maji ya chumvi mshipani. Hapo mkono wa mhudumu uliosahau kuweka kanula huonekana, ndiyo maana mkono huu wa mpira ni muhimu sana.

Jaza damu bandia, toa hewa yote kwenye mirija iliyo mishipa ya mkono huu. Hewa ikibaki, damu hairudi kwenye kanula hata ukilenga sawasawa. Ingiza kwa nyuzi 10 hadi 30. Ukiona damu, laza sindano, ndipo usukume kanula. Tumia kanula nyembamba ya namba 22: namba 18 ni nene, huacha tundu kubwa, mirija huvuja mapema.

Kasoro kubwa: mishipa yake haikimbii sindano wala haisinyai kama ya mgonjwa aliyeishiwa maji.