DJI Mini 3 mwambao wa Tanga: uzoefu wangu wa kujifunza picha za juu

Hii droni ya Mini 3 nimeirusha kaskazi na kusi, Raskazone, Tongoni, Kigombe mpaka kule karibu na Pangani, kwa hiyo sasa naweza kusema kitu chenye uzito. Kwa wasiopenda kusoma marefu jibu ni hili, kama unataka kujifunza picha za juu, picha za mnato namaanisha sio video za harusi, hii droni inatosha na inabaki. Ila usiende juu sana. Apu inakuja imewekewa kikomo cha mita 120 na watu wengi wakishika rimoti wanapandisha mpaka huko huko, wanapiga mji mzima, mabati, bandari, bahari, nusu ya picha mawingu, ukiangalia za huyu na za yule huwezi kuzitofautisha. Picha zangu ambazo watu wanasimama kuuliza hapa ni wapi ni za mita 15 mpaka 40, kamera inatazama chini wima kabisa.

Mfano mzuri ni mkonge. Ukishika barabara ya Pangani ukifika Kigombe mkonge uko kushoto na kulia, na ukiwa chini huoni kitu zaidi ya miba na vumbi. Rusha mita 30 inamisha kamera, hapo ndo unaona mistari, mistari haswa, mpaka pembeni mwa picha. Kilimo cha mkonge huku kilianza na mbegu aliyoleta Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, miche 62 tu ndio ilifika hai, mimi nikiona ile mistari haiishi nafikiria hiyo 62 na nataka picha ionyeshe huo wingi. Lakini mistari mitupu inachosha macho, lazima utafute kinachoikata: njia ya trekta, mbuyu ulioachwa katikati ya shamba, wakataji wameweka mafungu ya majani. Mbuyu mmoja katikati ya mkonge ukipigwa kutoka juu asubuhi, aisee, huhitaji kitu kingine.

Na asubuhi nasema kwa sababu ya kivuli. Kuanzia saa kumi na mbili na nusu mpaka saa mbili hivi jua liko chini, vivuli virefu. Ule mlingoti wa mkonge (shina refu la maua) ukiutazama kutoka juu ni kidoti tu, hauonekani ni nini, ila kivuli chake kinalala chini mlingoti mzima na vile vitawi vyake, yaani unapiga kivuli ndio kinakuchorea kitu chenyewe. Minazi pia hivo hivo, ng'ombe wakivuka, watu na baiskeli, vyote piga kivuli chake. Saa sita mchana mashambani usijisumbue, kila kitu kimelala bapa.

Baharini hesabu inabadilika, huko saa inapangwa na maji. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji Tanga yanapanda na kushuka mita 3 na zaidi, na huku kwetu kupwa kwa bamvua kunaangukia kwenye saa nne asubuhi. Hiyo saa nne ni zawadi, jua limeshapanda la kutosha kuingia ndani ya maji, fungu la mchanga liko wazi, majani ya bahari yanaonekana meusi, mkondo wa buluu unapita katikati, na ngalawa ikikatiza hapo na mikono yake miwili inaonekana kama yule mdudu anayetembea juu ya maji ya kisimani. Shida ni mng'ao, jua linajipiga kwenye maji linarudi kwenye lenzi upande mmoja wa picha unakuwa mweupe. Dawa yake rahisi, zungusha droni mpaka upande mrefu wa picha ndio uelekee jua, ule mng'ao mara nyingi unatoka nje ya fremu wenyewe. Filta ya polaraiza inasaidia pia ila kuzungusha ni bure.

Tongoni ndo nilipojifunza zaidi, na mwalimu alikuwa mzee mmoja mvuvi. Nimekaa na mkeka wangu (narushia na kutulia kwenye mkeka, mchanga ukiingia kwenye shingo ya kamera umekwisha), akaja, nikampa shikamoo, akaitika marahaba mwanangu, hicho kidege kinaona mpaka wapi? Nikampa aangalie kwenye simu. Akaanza kuninyooshea kidole, hapo mlango, hapo mwamba, hapo ukipita na mashua maji yakipwa umekwama, subiri kidogo maji yatoke zaidi utaona ule mwamba wote. Nikasubiri, na kweli. Picha ile isingekuwepo bila yeye. Na ukiutazama huo mwambao kwa juu maji yakiwa nje unaelewa kabisa ilikuwaje Aprili 1498 meli moja ya Vasco da Gama, São Rafael, ikakwama kwenye hii miamba ya kwetu, na mwaka uliofuata wakati wa kurudi wakaichoma moto huku huku. Kwa hiyo ushauri wangu, kabla ya kutafuta kozi ya mtandaoni tafuta mvuvi.

Sasa kifaa chenyewe. Haifiki gramu 250, inaingia kwenye mkoba wa kawaida. Betri ya kawaida wanasema dakika 38, hiyo ni kwenye hali nzuri kabisa, kwenye upepo wetu ni pungufu na mimi kwenye asilimia 30 naanza kurudi bila mjadala. Kuna betri kubwa inaitwa Plus ya dakika 51 ila inaipeleka juu ya gramu 250. Sensa ya kamera ni inchi 1/1.3, tundu la lenzi ni f/1.7 na halibadiliki, kwa hiyo mwanga unaucheza kwa shata (muda wa kuingiza mwanga) na ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) tu. Mimi naacha ISO 100 muda wote wa mchana, napiga RAW (faili ghafi ya kuhariri baadaye), nawasha gridi na ile alama ya mistari inayoonyesha palipoungua (palipozidi mwanga pakawa peupe tupu), kwa sababu mchanga mweupe wa pwani na povu la mawimbi vinaungua haraka kabla hujajua na vikishaungua hakuna kurudisha. Inapiga megapikseli 12. Kamera inaweza kugeuka ikasimama wima, kwa wanaoweka picha kwenye stori za simu hiyo ni raha, unapata picha yote bila kukata.

Jambo moja wenye simu za Android walijue mapema, apu ya DJI Fly haipo Play Store, unaishusha kwenye tovuti ya DJI wenyewe. Nimeona watu wanafungua boksi Kariakoo wanahangaika wanadhani wamepigwa. Na kama bajeti inaruhusu chukua ile rimoti yenye kioo chake, DJI RC, maana jua la Tanga na simu ya kawaida ni vita, mimi natumia simu na nalazimika kukaa kwenye kivuli cha mwembe au kujifunika kanga.

Kasoro kubwa, haina sensa za kuona vizuizi mbele wala pembeni, za chini tu. Kwenye minazi hiyo ni hatari kwa hiyo urefu wa kurudi nyumbani (kimo inachopaa ikirudi yenyewe) nauweka mita 50 kila mahali, mnazi mrefu hauufikii. Na juu ya maji usiiteremshe chini sana, zile sensa za chini zinachanganyikiwa na mawimbi, hata kitabu chake kinaonya. Upepo, wanasema inahimili mita 10.7 kwa sekunde, sawa, lakini kusi la Juni mpaka Agosti mchana ni kali, kwa hiyo miezi hiyo ni asubuhi tu, na unaanza kwenda kinyume na upepo ili wakati wa kurudi upepo ukusukume. Kunguru pia wanaikimbilia, ukiwaona panda wima.

Vibali, tafadhali. Wepesi wake usikudanganye, TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga) na Wizara ya Ulinzi ndio pa kuanzia, na bandarini, uwanja wa ndege na Chongoleani kwenye bomba la mafuta usiwaze kabisa. Shamba la mkonge ongea na msimamizi, Tongoni magofu yana wenyewe ingia ofisini kwanza. Halafu kuna kibali ambacho hakiandikwi popote na kwangu ndio kikubwa, uani kwa watu. Nyumba zetu za pwani mama anakaa uani kichwa wazi anajua hakuna jicho linalomfikia, wewe ukipita hapo juu na kamera umemvunjia heshima hata kama hukupiga. Ngamiani, Chumbageni, Makorora, popote penye nyumba, mimi sipiti juu ya uani, nazunguka. Na kina mama wanaochokoa pweza maji yakipwa nawafuata kwa miguu kwanza nawaomba, wakikataa narudi, wakikubali nawaonyesha picha hapo hapo. Wanaokubali wanakupa picha nzuri kuliko za kuibia, maana wanaendelea na kazi yao bila kuinua vichwa kukodolea kidude.

Bei, ilivyotoka mwisho wa 2022 Marekani ilikuwa dola 559 na rimoti ya kawaida, huku ukinunua ongeza nauli na ushuru, na kagua mapanga (propela) ya ziada yamo kwenye boksi. Anayetaka kufuata gari au mtu anayekimbia hii haimfai, haina ule mfumo wa kumfuata mtu yenyewe, atafute Mini 3 Pro. Ukirudi baharini ifute yote kwa kitambaa laini kikavu kabla hujaiweka kwenye mkoba, chumvi ya huku inakula hadi skrubu.