TAHADHARI: Desktop za mtumba zenye USB za bluu ambazo ni 2.0

Wadau habari za saa hizi, kama kuna mtu anatafuta desktop ya mtumba ya kuedit video au kuhamishia mafaili makubwa naomba asome hapa kabla hajatoa hela yake.

Kuna muuzaji anatangaza mashine mtandaoni, jina siweki, anasema zina USB 3.0 mbele (ile ya kasi kuliko 2.0, ambayo tundu lake kwa kawaida ni la bluu) na kwa hicho kigezo anaongeza bei. Dogo mmoja anayepiga picha za harusi kaniletea ya kwake analalamika kuhamisha video za mteja kwenye SSD ya nje (diski ya kasi ya kuchomeka) anasubiri mpaka anasinzia. Nikapima, spidi haivuki megabaiti 35 kwa sekunde. Hiyo ni spidi ya USB 2.0 kabisa, 3.0 yenye SSD nzuri inatakiwa kusoma megabaiti 300 na zaidi.

Nimefungua ubavu wa keisi ndo nikaona mchezo wenyewe. Waya wa tundu za mbele una plagi pana ya pini 19, sasa ile plagi imechomekwa kwenye adapta ndogo nyeusi halafu adapta imeingia kwenye pini 9 za USB 2.0 za mazabodi, kwa sababu hiyo mazabodi ni ya second generation, yaani kizazi cha pili cha prosesa za Intel, na 3.0 haina hata moja. Adapta yenyewe inauzwa kihalali na ina kazi yake, ubaya ni kumwambia mtu hiyo ni 3.0 na kumtoza hela ya 3.0.

Kwa hiyo msidanganyike na rangi ya bluu, plastiki ya bluu anaweza kuweka mtu yeyote. Wengine wanasema chungulia ndani uhesabu pini, 2.0 ina 4 na 3.0 ina 9, ni kweli na inasaidia kukamata tundu feki, lakini kwenye mashine hii pini zote 9 zipo, ila nyuma yake waya haufiki popote pa maana.

Ukiwa dukani fungua Device Manager ya Windows, angalia sehemu ya USB, kama huoni maneno eXtensible Host Controller na unaona Enhanced tu (hiyo ni ya 2.0) basi hiyo mashine haina 3.0. Ukiyaona bado usilipe, hayo yanakuambia mashine inayo ila hayakuambii tundu lipi limeungwa. Intel walianza kuiweka 3.0 kwenye chipset zao (chip kuu za mazabodi) 2012, kipindi cha third generation, kabla ya hapo ni mpaka mtengenezaji awe ameongeza chip ya pembeni au mtu achomeke kadi, so ukiambiwa second generation yenye 3.0 uliza imetokea wapi.

Halafu pima kwa mkono wako. Nenda na SSD ya nje na waya wake uleule, flashi ya bei rahisi haifai maana nyingi zinaandika taratibu hata kwenye tundu zuri na utamlaumu mtu bure. Chomeka kwa haraka, ukiingiza pole pole inaweza kujitambua kama 2.0. Kopi faili moja la GB 4, sio mafolda ya vipicha vidogo, likichukua karibu dakika mbili hapo umeuziwa 2.0, na rudia kila tundu, mbele na nyuma, muuzaji akianza kununa mwache anune. Kama diski ya ndani ni HDD ya kawaida (ile ya kuzunguka) spidi itagota kwenye megabaiti 100 kwa sekunde hivi, hiyo bado ni 3.0, usimgombeze.

Huyo jamaa alipopigiwa simu akasema eti aongezewe hela aweke kadi ya USB 3.0. Dogo kakataa, anadai hela yake irudi, na risiti yake bahati nzuri imeandikwa USB 3.0 kwa maandishi. Mliochukua mashine kwake fungueni ubavu leo muangalie hiyo adapta wakati waranti bado inasoma, na mkiikuta pigeni picha kabla hamjaigusa.